Fundi Aliyehesabu Kola za Jirani Yake

Ko!

Kikombe cha bati kinagonga bamba la cherehani mara moja, kwa nguvu, kama karani anayepiga muhuri. Mlango wa duka bado umefungwa nusu. Ndani hamna taa, na aliyegonga haonekani.

Ng'ambo ya barabara sauti inajibu, nzito, ikiburuta kidogo mwisho wa neno. "Nimekusikia."

"Sijakuuliza kama umenisikia. Nakunywa dawa yangu."

"Kunywa basi. Nani kakukataza?"

Ndipo mlango unafunguka wote na Fundi Chaki anatoka nje. Ni saa moja na robo asubuhi. Ana miaka arobaini na saba, mrefu, mkavu kama rula, na nyuma ya sikio lake la kulia kimekaa kile kipande cha chaki kilichompa jina. Anakipindua kikombe, kinywa chini, kuonyesha kwamba hakijabaki na tone.

Ng'ambo, kwenye kiti cha mbao mlangoni pa duka lake, ameketi mwanamume mnene wa rika lake. Mkono wake wa kulia umelala pajani. Anakitazama kikombe, anaitikia kwa kichwa, kisha kwa mkono wa kushoto anachora mstari mmoja kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Huyo ni Fundi Kola.

"Ananihesabia vidonge," anasema Fundi Chaki. "Kila siku iendayo kwa Mungu. Kama askari na mfungwa." Anakaa kwenye stuli, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila hata kuutazama. "Lakini siwezi kumlaumu. Nilianza mimi."

Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mita tisa na nusu. Fundi Chaki anajua kwa sababu aliipima njia hiyo kwa tepu yake mwenyewe wiki aliyofungua duka, miaka kumi na tisa iliyopita. Maduka yaliyokuwa matupu, yakingoja wapangaji, mtaani yalikuwa manne. Alichagua lililotazamana na la Kola.

"Nilitaka kila anayekwenda kwake anione mimi kwanza," anasema. "Wakaniona kweli. Wakawa wananiuliza, samahani fundi, huyu Fundi Kola leo kafungua?"

Wawili hao walijifunza kazi kwa mzee mmoja mkali, benchi moja, mwaka mmoja. Macho ya mzee yalipofifia, aliutoa mkasi wake mkubwa mweusi, wa chuma kizito, ule anaoutegemea fundi yeyote anayekata suti, akamkabidhi Kola. Chaki naye alipewa maneno.

"Aliniambia, wewe una mkono, mwenzako ana jicho. Sasa niambie, maneno utayakatia kitambaa?"

Kola alipata jina lake kwa sababu ya kola za shati. Hata Chaki, akibanwa, anakiri. "Kola yake haikai shingoni. Inaota. Unaona mtu kavaa, unadhani kazaliwa nayo."

Katika mtaa ule mwembamba sauti haizuiwi na ukuta, na sikio la mwenye wivu halilali. Chaki alijifunza kumsoma jirani yake kwa mlio wa cherehani. Suruali ina mlio wake, mrefu na wa kuchosha. Gauni lina mlio wa kusitasita. Kola ya shati ina milio mitatu: mfupi, mrefu, mfupi. Upande, juu, upande. Baada ya hapo kimya kidogo, fundi anaigeuza na kuikagua.

Mfupi, mrefu, mfupi. Moja. Mfupi, mrefu, mfupi. Mbili.

Kwa siku ya kawaida Kola alifikisha sita kabla ya chakula cha mchana. Chaki alifikisha nne. Siku njema kazi yake ililisha nyumba kwa siku mbili, na siku mbaya ilimrudisha mikono mitupu. Lakini mkewe anasema si fedha iliyokuwa ikimkosesha usingizi.

"Nilikuwa najua kabla hajavua viatu," anasema mkewe, mwanamke mcheshi anayeuza vifungo na zipu kwenye kona ya duka hilohilo. "Akinisalimia vizuri, na watoto akawauliza habari za shule, basi mwenzake kashona tatu tu. Akiingia kimya, najua ni saba. Siku moja zilikuwa tisa. Baba watoto hakula."

"Nilikuwa na homa," anasema Chaki.

"Homa ya kola."

Miezi minane iliyopita, asubuhi ya Jumanne, Chaki alikuwa mezani pake akichora suruali ya mteja. Jirani alikwisha kumaliza kola ya tatu. Ya nne ikaanza. Mlio mfupi. Mlio mrefu. Kisha kimya.

Chaki akasubiri ule mfupi wa mwisho. Haukuja.

Kikaja kishindo cha chuma kizito kwenye sakafu ya saruji.

"Nikajua ni mkasi," anasema. "Mkasi ule haujawahi kuanguka. Tangu mzee anampa, sijausikia ukianguka hata siku moja. Nikatupa chaki, nikavuka barabara." Anaukata uzi kwa meno. "Watu wanasema nilikimbia kwenda kumwokoa. Waongo. Nilikimbia kwenda kuona kama mkasi umevunjika."

Mkasi haukuvunjika. Ulikuwa chini ya meza, mzima. Juu ya stuli alikuwa Kola, ameegemea ukuta, mdomo wake umeshuka upande mmoja kama pindo lililofumuka. Alikuwa anajaribu kusema neno "mkasi", na kilichotoka kilikuwa matone ya mate na sauti isiyo na umbo.

Chaki hakuwa na elimu yoyote ya udaktari. Alikuwa na kazi yake tu, na kazi yake ni kutazama miili ya watu imekaa vipi.

"Nimepima mabega miaka ishirini na zaidi. Kuna bega lililolala tangu mtu anazaliwa, hilo unaliwekea pamba. Na kuna bega lililoachwa. Lake lilikuwa limeachwa. Nikamwambia kama ninavyomwambia mteja: inua mikono, fundi. Wa kushoto ukainuka. Wa kulia ukabaki palepale, kama si wake."

Mlango ukajaa watu. Muuza viatu wa jirani akasema huo ni upepo mbaya umempitia, apakwe mafuta na alazwe. Mwingine akaleta maji ya kunywa. Mwingine akasema ni jini, katupiwa, na hospitali wakimchoma sindano ndiyo atakwisha kabisa.

"Nikamnyang'anya yule glasi," anasema Chaki. "Mtu hawezi hata kumeza mate yake, wewe unampa maji! Nikawaambia, kama kuna jini, nalo litapanda gari twende pamoja."

Gari lilikuwa la muuza maji, lenye mapipa nyuma. Mapipa yalishushwa barabarani, Kola akapandishwa. Nusu saa baadaye walikuwa hospitali, na mke wa Kola, aliyepata habari akiwa sokoni, aliwakuta mapokezini na viatu viwili visivyofanana.

Hapo ndipo ilipokuja dakika ambayo Chaki anasema ilikuwa ngumu kuliko zote za maisha yake.

Daktari, kijana wa sauti ya chini, aliuliza swali moja na kulirudia. Mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Alieleza kwamba kuna kiharusi cha damu kuganda na kuziba mshipa wa kichwani, na kuna cha mshipa kupasuka. Picha ya kichwa ingeonyesha ni kipi. Kama ni cha kuziba, ipo dawa ya kuyeyusha, lakini hupewa ndani ya saa chache za mwanzo tu. Saa zikipita, au zisipojulikana, dawa hiyo inaweza kumdhuru badala ya kumsaidia.

"Mimi nilitoka alfajiri," alisema mke wa Kola. "Alikuwa mzima. Baada ya hapo sijui."

"Nani alikuwa naye dukani?"

Hakuna aliyekuwa naye. Kola anafanya kazi peke yake.

"Saa mbili na dakika ishirini," alisema Chaki.

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa dukani kwangu. Ng'ambo."

"Umejuaje, basi?"

Chaki anasimulia sehemu hii akitazama sakafu. "Ningeweza kusema nilichungulia. Ningeweza kusema nilikwenda kuazima sindano. Lakini daktari alikuwa ameshika kalamu, na nilijua akiandika uongo wangu, uongo huo ndio utakaoingia kwenye mshipa wa mwenzangu. Nikasema kweli. Nikamwambia, kola ya tatu kaimaliza saa mbili na dakika kumi na mbili. Ya nne kashona upande na juu, hakumaliza. Ni saa mbili na ishirini. Niliangalia saa."

"Kwa nini uliangalia saa?"

"Huwa ninamhesabia."

Mke wa Kola aligeuka. "Unamhesabia mume wangu kola?"

"Ndiyo, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu nifungue duka."

"Miaka kumi na tisa?"

"Na miezi kidogo."

Daktari aliandika saa, akasaini, akaondoka haraka. Picha ilionyesha mshipa ulioziba. Kola alipewa dawa saa nne kasoro dakika tano, na jioni ya siku hiyo vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilitikisika. Aliyeviona kwanza alikuwa mkewe, na akalia mpaka muuguzi akamtoa nje.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya kumsifu mtu. Lakini mtaa una masikio na una ulimi pia. Kabla wiki haijaisha, maneno aliyoyasema Chaki mapokezini yalikuwa yamefika kila mlango, na yalikuwa yamegeuzwa kama koti.

"Eti kamhesabu mwenzake mpaka akaisha," anasema mkewe. "Mtu kasema ukweli, akaokoa mtu, ukweli uleule ukawa kitanzi chake."

Wakamwita Mhesabu. Wazazi wakawavuta watoto mbali na mlango wake. Wateja kumi na mmoja walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mmoja alisimama nje, akaomba arushiwe.

Hilo ndilo linalopaswa kutuchoma. Tukiona mdomo wa mtu umepinda, tunamtafuta mwenye kijicho. Tunapekua mtaa mzima, tunamkosea heshima jirani, na mwenye kosa tunaye ndani ya mfuko wa mgonjwa, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

Karatasi hiyo mke wa Kola aliikuta kwenye mfuko wa koti la mumewe. Mwaka mmoja na nusu kabla, Kola alipimwa kwenye zahanati na kukutwa na presha ya juu 172, ya chini 104. Alipewa vidonge thelathini, kimoja kila siku, na akaambiwa arudi. Alivinywa vyote bila kukosa. Kisha akajiona mzima, na hakurudi.

"Nilimaliza dozi," anasema Kola mwenyewe. Maneno yanatoka polepole, moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Tangu mtoto naambiwa maliza dozi. Nikamaliza. Nikajisifu kwa mke wangu kwamba sikuruka hata siku moja."

Ni neno zuri, dozi. Limetulea. Malaria tumeitibu kwa kumaliza dozi. Lakini presha haijui neno hilo. Muuguzi wa kliniki wanayokwenda sasa, mama wa makamo anayewaita mafundi wote wawili "wanangu" ingawa hawapiti umri kwa mbali, analisema kila siku mpaka limemkaukia kinywani.

"Dawa ya presha haimalizwi," anasema. "Inashusha leo, kesho inashusha tena. Ukiacha, inapanda. Na ikipanda hutaisikia. Watu wanangoja kichwa kianze kuuma, wanangoja kizunguzungu. Wengi hawasikii chochote mpaka siku wanaanguka."

Ni muuguzi huyu huyu aliyempima Chaki. Siku ile ya hospitali, akiwa zamu, alimkuta ameketi kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, akamfunga mpira mkononi. Ya juu 188, ya chini 114. Akamwacha apumzike, akapima tena. Akamwita kesho yake, na wiki iliyofuata. Haikushuka.

"Nilicheka," anasema Chaki. "Maisha yangu yote nataka kumpita Kola. Nikampita."

Hakucheka muda mrefu. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi, aache sigara, atembee. Vidonge vya mwezi mzima bei yake ni kama ujira wa kushona suruali moja, na hiyo aliimudu. Kilichomshinda kilikuwa kingine. Kunywa dawa ile mbele ya watu kulimaanisha kwamba yeye na Kola wana ugonjwa mmoja. Na akiwa na ugonjwa mmoja na mtu ambaye mtaa unasema yeye ndiye aliyemroga, yeye ni nini?

Alivinywa miezi miwili. Kisha akaanza kuruka siku. Kisha akaacha.

Sigara aliacha kweli. Chumvi mkewe aliipunguza jikoni, na kwa wiki kadhaa alishangaa jinsi mumewe alivyokuwa mpole kuhusu chakula anachobebewa dukani. Siku moja mteja akaomba chaki ya kuchorea. Mkewe akafungua kopo la chaki, akachukua unga kwa kidole, akauonja.

"Chumvi," anasema. "Nusu kopo. Nimeolewa na fundi anayechora suruali kwa chumvi."

"Nilikuwa naimaliza tu ile iliyobaki," anasema Chaki.

"Dozi."

Mwezi wa tatu, Kola alirudi dukani. Hakuwa na kazi ya kufanya. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta, mkono ulikuwa mzito, na mkasi ule hakuweza hata kuufungua. Akawekewa kiti mlangoni, akakaa. Fundi aliyezoea kushona kola sita kabla ya mchana sasa alikuwa na siku nzima na jozi moja ya masikio.

Siku ya kwanza hakusema kitu. Ya pili hakusema. Ya nne, Chaki alipokuwa anafungua duka, Kola aliita kutoka ng'ambo.

"Hunywi dawa."

"Unasemaje?"

"Muuguzi alisema unywe asubuhi. Asubuhi sikusikii ukimimina maji. Siku nne sasa."

"Unanihesabia?"

"Umenihesabia miaka kumi na tisa," alisema Kola. "Ni zamu yangu."

Chaki anasema hasira ilimpanda mpaka akaona nukta nyeusi. Alivuka barabara, akasimama mbele ya kiti. Alikuwa amejaa matusi. Alimwambia Kola kwamba amempokonya mkasi, wateja, jina, na sasa hata kuugua anataka amfundishe. Majirani wakatoka kusikiliza. Kola alimngoja amalize.

Kisha akainua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayebeba kitu kilichokufa, akauweka pajani, mbele ya macho ya Chaki.

"Huu umeutamani miaka yote," alisema. "Basi utazame vizuri. Wako utakuwa hivi hivi. Halafu nani atakuwa fundi mtaani hapa? Muuza viatu?"

Mtu mmoja akacheka. Chaki hakucheka. Anasema alisimama pale akiuangalia ule mkono, vidole vyake vinene vilivyowahi kugeuza kola kama mtu anayegeuza ukurasa. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na chochote cha kuuonea wivu.

"Na hilo ndilo lililoniuma," anasema. "Nilitaka kumshinda. Sasa ningemshinda nani?"

Akarudi dukani kwake. Asubuhi iliyofuata alimimina maji kwenye kikombe cha bati, akameza kidonge, akakigonga kikombe kwenye bamba la cherehani ili mtu wa ng'ambo asiwe na kisingizio. Ko! Tangu siku hiyo kalenda ya Kola haijaruka mstari.

Leo ni siku ya kliniki. Saa tatu wanafunga maduka yote mawili na kwenda kwa miguu, kwa sababu muuguzi ameagiza watembee. Chaki anatangulia hatua tatu, anasimama kujifanya anafunga kamba ya kiatu, anatangulia tena.

"Sikungoji," anasema bila kugeuka.

"Najua," anasema Kola. "Viatu vyako havina kamba."

Kwenye chumba cha vipimo wanakaa kimya dakika tano, miguu chini, mgongo kwenye kiti, kama walivyofundishwa. Kola anaanza. 126 kwa 80. Chaki anafuata, na macho yake hayabanduki kwenye kioo cha mashine.

132 kwa 84.

"Pima tena," anasema Chaki.

"Nimepima mara mbili, mwanangu."

"Mpira wake ni mpana."

"Ni mpira huo huo." Muuguzi anaandika kwenye madaftari yao. "Wote mko pazuri, mmeshuka kutoka huko mbali mlikokuwa. Presha si ligi. Hakuna kombe hapa."

"Kwake hakuna," anasema Chaki. "Kashazoea kushinda."

Njiani kurudi anatangulia tena hatua tatu. Ndipo Kola anatoa habari aliyokuwa ameificha tangu alfajiri. Kuna shati mezani pake. Wiki sita amekuwa akishona mapindo ya mapazia, mistari iliyonyooka tu, akilisukuma pedali kwa mguu wa kushoto. Leo atajaribu kola. Kitambaa cha shati amekatiwa tayari.

Aliyekata ni Chaki. Tangu mwezi uliopita anavuka kila jioni kumkatia mwenzake vitambaa, na anakata kwa mkasi wake mwenyewe mdogo, ulioanza kutu. Ule mweusi unabaki ukutani kwa Kola. Hospitalini, maneno yalipoanza kumrudia, Kola alimpa. Chaki alikataa.

"Siupokei mkasi kwa mgonjwa," anasema. "Anipe akiwa mzima, na ameshindwa."

Saa tano kasoro robo, kila mmoja yuko kwake. Chaki ana koti la kuweka bitana, lakini sindano imesimama. Mkewe naye ameacha kupanga vifungo. Ng'ambo cherehani inakohoa mara moja, inaanza.

Mlio mfupi, wa kusitasita.

Kimya kirefu. Kisha mlio mrefu, unaokwenda kwa vipande, kama mtu anayesoma barua kwa taabu. Unafika mwisho.

Kimya.

Chaki ameinua kichwa. Anaangalia saa ya ukutani. Nusu dakika. Dakika nzima. Mkewe anafungua kinywa, na kabla hajasema lolote stuli imepinduka na mumewe yuko katikati ya barabara, chaki imedondoka, tepu inampepea shingoni.

Anamkuta Kola ameinama juu ya meza, ulimi umetoka kidogo kwenye kona ya mdomo, anajaribu kugeuza kitambaa kwa vidole vitatu.

"Inua mikono!" anasema Chaki.

Kola anainua uso. "Nina kazi."

"Inua, nakwambia. Na ucheke."

"Nageuza kona, bwana. Kwa mkono mmoja na nusu. Utanipa muda au hunipi?" Lakini anainua mikono. Wa kushoto unafika juu, wa kulia unafika usawa wa bega na kutetemeka hapo, pale pale unapofika kila siku. Kisha anacheka, na mdomo unanyooka karibu wote.

Chaki anashika ukingo wa meza. Jasho linamtoka.  Kola anaishusha sindano, anakanyaga pedali.

Mfupi.

"Moja," anasema Chaki.

Kola anakata nyuzi, anaigeuza kola, anaipitisha mezani. Chaki anaishika kwenye mwanga. Ncha ya kulia imezidi ya kushoto kwa uzi mmoja. Mtu wa kawaida asingeona. Chaki ameona, na Kola ameona kwamba ameona.

"Sema."

"Imepinda."

"Kiasi gani?"

"Uzi mmoja." Anaigeuza tena, anaipima kwa kucha. "Yangu ya jana ilipinda nyuzi mbili." Anaiweka chini kana kwamba inaunguza. "Miezi minane hujashona kola, bado unanishinda. Mungu anisamehe, lakini nakuonea wivu mpaka leo."

"Nawe umenijia mbio hivi, nusura unitoe roho," anasema Kola. "Sasa na mimi nikuulize. Mimi kimya changu kikizidi, wewe unavuka. Siku nisiposikia kikombe chako je?"

"Utakisikia."

"Nasema nisipokisikia. Mguu wangu huu, mita tisa na nusu ni safari."

Chaki anaokota tepu iliyomteleza, anaizungushia vidole polepole. Mkewe amefika mlangoni na kusimama hapo. Mke wa Kola ametoka chumba cha nyuma, sufuria mkononi.

"Nisikilize," anasema Chaki. "Kwa kola umenishinda. Kwa wateja umenishinda. Mkasi ulipewa wewe, na leo hata presha umenishinda, mbele ya muuguzi. Kitu kimoja tu ninacho ambacho wewe huna. Siku ile nilivuka barabara nikakutoa kwenye mdomo wa mauti. Basi. Hicho ni changu peke yangu. Sasa siku nikianguka mimi, utavuka na huo mguu wako, utaniokoa, tutakuwa sawasawa." Anakiweka kipande kipya cha chaki nyuma ya sikio. "Sitakupa nafasi hiyo. Kesho utakisikia kikombe, na keshokutwa, na kila asubuhi nitakayoufungua mlango ule mpaka tuzeeke. Hilo nakuahidi, fundi."